Pandisheni Sauti

Wiki jana tulimwacha Shangazi chumbani mwa mwanamume asiye mume wake wala ndugu yake, saa nne asubuhi, mlango umefungwa, macho yake yameganda kitandani.

Mmeniandikia wengi. Mama mmoja ameapa kwamba nikimvunjia heshima Shangazi, atalitumia gazeti hili kufungia karanga. Mzee mwingine amenisihi nisimcheleweshe, ana presha. Haya, tulieni. Wenye fikra chafu, poleni. Kitandani hapakuwa na mtu. Juu ya mto, palepale kichwa kinapolala, palikuwa na kipima sauti cha ofisi ya jiji, kidogo kama rimoti, kimeegemezwa kwenye kamusi mbili ili kisianguke.

Chumbani walikuwa watatu. Shangazi, mwenye ukumbi wa muziki ulio chini ya dirisha la chumba hicho. Msimamizi, mwenye chumba, mstaafu aliyesimamia mitihani ya watu miaka thelathini na mmoja, na ambaye tangu ahamie ghorofa hili jipya miezi minane iliyopita ameandika barua kumi na moja za malalamiko. Na Afisa Kelele wa jiji, ambaye, maajabu hayaishi, huongea kwa kunong'ona.

"Masharti ni haya," alinong'ona Afisa Kelele. "Simu zinazimwa, isipokuwa yangu. Bendi itapiga wimbo uleule mara tatu. Kikomo humu chumbani ni desibeli hamsini na tano. Wakivuka mara mbili kati ya tatu, leseni naichukua leo hii na ukumbi unapigwa kufuli kabla ya chakula cha mchana."

"Saa ngapi hasa?" aliuliza Msimamizi, kama mtu anayepanga avae nini.

"Saa saba."

Shangazi alichungulia paa la ukumbi wake dirishani. Ukumbi ule aliujenga na marehemu mume wake miaka thelathini na miwili iliyopita, wakipaka rangi kwa mikono yao wenyewe. Watoto hawakujaliwa. Walijaliwa ukumbi. Ukifungwa, Shangazi hana pa kwenda asubuhi, hana wa kumgombeza mchana, na hana sababu ya kuvaa viatu.

Afisa Kelele akampigia simu Solo, kisha akakata. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Solo ni mtoto wa kaka yake Shangazi, kiongozi wa bendi na mpiga gitaa. Pamoja naye kule ukumbini alikuwepo Besi, jitu la watu lenye vidole kama ndizi, na mwimbaji wao Chiriku, ambaye tangu Jumatatu alikuwa na mafua ya kutisha. Wakaanza.

Namba kwenye kipimo zikapanda. Arobaini na tatu. Arobaini na tisa. Hamsini na mbili. Zikafika hamsini na nne, zikasimama hapo hadi wimbo ukaisha.

"Umepita," alinong'ona Afisa.

"Amepita nini!" Msimamizi aliruka. "Hao wanapiga kama wako msibani! Jumamosi hawapigi hivyo!"

"Mzee, ukipayuka hivyo kipimo kinasoma sitini na nane. Nakuomba."

Moja bila. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kunyamaza. Lakini Shangazi aliona hamsini na nne iko jirani mno na hamsini na tano, na jirani mwenyewe alishamjua alivyo. Akajikohoza, akainama kama anayefunga kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Ndani ya mkoba aliouweka sakafuni, simu aliyodai ameizima ilikuwa hai. Akamwandikia Solo maneno mawili tu.

"Shusheni sauti."

Hapa, msomaji, nipe sikio. Mimi na wewe tukiambiwa tushushe sauti, tunapunguza kelele. Mwanamuziki yeye ana dunia yake. Kwake sauti ni pale wimbo unapoanzia, juu kwenye wembamba au chini kwenye uzito. Ukimwambia ashushe sauti, anauhamisha wimbo mzima kuupeleka chini, kule kwenye unene, huku akipiga kwa nguvu zilezile alizoamka nazo. Nguvu ya kupiga wanaiita volyumu, na Shangazi hakuandika volyumu.

Kule ukumbini Solo alisoma ujumbe. "Jamani, Shangazi anasema tushushe sauti."

"Mungu ampe maisha marefu," alisema Chiriku, akipenga kamasi. "Tangu saa mbili nawaambia wimbo uko juu, mnanifanya kinyago. Yule mama ana masikio."

"Tushushe hatua ngapi?" aliuliza Solo.

"Mbili. Mkinipenda, tatu."

Besi aliinamia gitaa lake la besi. Alikuwa na uzi mmoja mnene kuliko wote, na katika wimbo ule uzi huo haukuwahi kupata kazi. Akaupapasa. "Leo na wewe umeajiriwa," aliuambia.

Simu ya Afisa ikamwita Solo tena. Mara ya pili ikaanza.

Shangazi alikuwa mwimbaji enzi zake, na sekunde ya kwanza tu ilimtosha. Mungu wangu, alijiambia, watoto hawa wameshusha sauti kweli.

Ukuta uliguna. Kabati likaitikia. Kwenye meza ya kando ya kitanda palikuwa na bilauri ya maji, na ndani yake meno ya akiba ya Msimamizi, yale ya kulia nyama. Besi alipougusa ule uzi wake mnene, meno yakaanza kutafuna yenyewe. Bilauri ikasogea. Ikasogea tena. Ikafika ukingoni, ikajitupa.

"Sitini na moja," alinong'ona Afisa Kelele. "Mama, hapa umefeli."

"Mmeona!" Msimamizi alishangilia kwa mikono miwili. "Mmeona wenye... meno yangu!"

Furaha na msiba vikamkuta kwa wakati mmoja. Akapiga magoti, akaingia uvunguni kuyatafuta. Na uvunguni, jamani, ndiko mambo yalikoharibika. Kwa sababu mwanga wa simu ukiwa ndani ya mkoba huwezi kuuona ukiwa umesimama. Ukiwa umelala kifudifudi kama mjusi, unauona vizuri sana.

Solo alikuwa amejibu.

"Udanganyifu!" Msimamizi aliibuka, meno mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Miaka thelathini na mmoja! Nimetoa karatasi kwenye soksi, nimetoa kwenye bandeji, nimetoa ndani ya mkate! Leo natoa simu kwenye mkoba wa mtu mzima!"

"Nilisahau kuizima," alisema Shangazi.

"Ulisahau na vidole vikaandika vyenyewe? Afisa, soma! Soma kwa sauti!"

Afisa Kelele akasoma, kwa kunong'ona. "Shusheni sauti. Jibu: Tumeshusha mbili, Shangazi. Tushushe tena?" Akanyanyua macho. "Uliwaambia washushe?"

"Ndiyo."

"Na kipimo kikapanda kutoka hamsini na nne kikafika sitini na moja."

"Umekiona mwenyewe."

Afisa alimgeukia Msimamizi. "Mzee, nimefanya kazi hii muda mrefu. Huu ndio udanganyifu wa kwanza kuuona unaomfelisha mdanganyifu. Nitamwadhibu kwa lipi ambalo hajajiadhibu?" Akaitia simu ya Shangazi mfukoni mwake. "Matokeo ni moja kwa moja. Ya tatu inaamua."

Msimamizi hakukubali. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Basi nataka haki sawa! Yeye ametuma neno lake, na mimi nitume langu. Waandikie hao watu wapandishe sauti! Wapige kama wanavyonipigia Jumamosi!"

Shangazi alihisi kicheko kimeanzia tumboni, kinapanda. Kikafika kifuani. Kikafika kooni. Pale kooni akakikamata, akakigeuza kilio.

"Kaka yangu! Nitukane, nifukuze, nimwagie maji machafu, lakini usiseme wapandishe sauti!"

"Wapandishe!"

"Mjane wa watu nimekwisha! Sauti ikipanda nitaificha wapi sura yangu?"

"Wapandishe kabisa! Kwa herufi kubwa!"

Afisa Kelele alimtazama Shangazi kwa muda. Kilio kilikuwa kikubwa, ila machozi yalikuwa bado yako njiani. Kama alielewa, hakusema. Alichukua fomu, akaandika: Mlalamikaji ameomba mwenyewe sauti ipandishwe. Akampa Msimamizi kalamu. Msimamizi akasaini, na kwa furaha akasaini tena chini yake.

Ujumbe ukaenda: PANDISHENI SAUTI. AFISA.

Chiriku alipousoma aliketi chini sakafuni. "Wameamua kuniua. Dakika kumi zilizopita tushushe, sasa tupandishe. Hii koo au lifti?"

"Ni amri ya jiji," alisema Solo.

"Tupandishe hadi wapi?"

Solo alifikiri. Wimbo ule ndio uliofungua ukumbi, na kila aliyeuimba baadaye aliushusha kidogo afike. "Turudi kwenye sauti yake ya zamani," alisema. "Ile ya Shangazi."

Besi akauacha uzi wake mnene, akahamia kwenye nyuzi nyembamba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishwa darasa la kwanza.

Mara ya tatu.

Sauti nyembamba haina ubavu wa kupenya ukuta kama ile nene, na ukuta haukuguna. Kabati lilikaa kimya. Gitaa liliingia chumbani jembamba na safi, likitokea mbali. Arobaini na nne. Arobaini na saba. Arobaini na tisa. Namba zikagoma kupanda zaidi.

"Mbona..." Msimamizi alitega sikio ukutani. "Mbona wanapiga kama wamehama?"

Afisa akaandika: arobaini na tisa.

Shangazi alikuwa ameshinda. Alitakiwa akae kimya dakika mbili tu, wimbo uishe, ateremke ngazi akamkumbatie Besi. Wasomaji, mtu hujikwaa akiwa mlangoni kwake.

Kwa sababu wimbo ule ulikuwa kwenye sauti yake. Hakuwa ameusikia hapo tangu mume wake afe, miaka tisa sasa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuimba hata bafuni. Alijua kila mahali pa kuvutia pumzi. Na ilipofika zamu ya Chiriku kuingia, Chiriku hakuingia. Mafua yalikuwa yamemkaba. Gitaa likaenda, nyuzi za Besi zikaenda, na mahali pa mwimbaji pakabaki wazi.

Usiyewahi kuimba huwezi kujua mahali pale panavyovuta. Shangazi aliuma mdomo. Akashika kitasa cha dirisha, pale juu ya mto. Kisha kinywa chake kikafunguka bila kumwomba ruhusa.

"Hodi nimebisha, mkono umechoka,
mwenye nyumba amka, jua limetoka..."

Chumba kizima kilijaa. Aliimba hadi kiitikio, akapita kwenye la-la-la ya katikati, akamalizia ubeti wa mwisho na macho ameyafumba. Alipoyafumbua wimbo ulikuwa umekwisha, na kipimo, sentimita chache kutoka kiunoni mwake, kilikuwa kimeandika sabini na tisa.

"Nimejiua," alisema Shangazi, na safari hii machozi yalikuwa yamewasili.

Ajabu ni kwamba Msimamizi hakushangilia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameyashika meno yake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Afisa Kelele alitoa kijitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akafungua. "Hapa pana kazi," alinong'ona. "Muziki wa ukumbini ni arobaini na tisa, nimeshauandika. Hii sabini na tisa imetoka humuhumu. Kanuni inasema kelele ikitokea ndani ya nyumba, anayewajibika ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi!" alisema Msimamizi.

"Ndiyo. Lakini aliyeipiga ni mtu wa ukumbi, na kanuni inasema mtu wa ukumbi ni ukumbi." Akafungua ukurasa mwingine. "Kwa hiyo nikiandika hii ni kelele, naufunga ukumbi kwa sababu mama ni wake, na nakufungia na chumba hiki kwa sababu ni chako. Nikiandika ni muziki, nafunga jalada na kwenda kula. Neno moja tu linahitajika, na fomu inasema alitoe mlalamikaji. Mzee, ulichosikia ni kelele au muziki?"

Shangazi alianza kupumua. Mpumbavu gani atajifungia chumba chake mwenyewe? Sema muziki, alimwomba kimoyomoyo. Sema muziki, na kila sikukuu nitakuletea nyama ya kutafuna kwa hayo meno.

Msimamizi aliyatia meno yake mfukoni.

"Umeuruka ubeti wa pili," alisema.

Shangazi hakuelewa. "Ubeti gani? Pale ni la-la-la."

"Pale hapakuwa na la-la-la."

Shangazi aliachia kitasa cha dirisha. Ni kweli pale palikuwa na ubeti. Uliimbwa mara moja tu, siku ukumbi ulipofunguliwa, kisha mume wake akasema ni mrefu, unachosha watu, akaufuta. Wimbo haukuwahi kurekodiwa. Hakuna karatasi.

"Siku ile walikuwepo watu kumi na wanne," alisema polepole. "Viti nilivipanga mimi. Nawajua wote, na wewe hukuwemo."

"Kumi na watano. Mmoja alikuwa nyuma ya pazia, anaona aibu kukaa mbele. Huyo ndiye aliyeuandika."

"Maneno yale ni ya mume wangu!"

"Marehemu Mungu amrehemu, vidole vya gitaa alikuwa navyo. Kalamu ilikuwa yangu." Msimamizi aliketi wima. "Nilimpa wimbo mzima, akanirudishia la-la-la. Nikanuna, nikaondoka, nikaenda kuwanyamazisha watoto wa watu miaka thelathini na mmoja. Nimezeeka, nimehamia hapa juu, nikasema labda siku moja nitausikia. Miezi minane, kila Jumamosi, la-la-la! Nimeandika kelele, kelele, kelele, barua kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni kelele ipi."

Hata Afisa Kelele alisahau kunong'ona. "Kumbe!"

Shangazi aliona aibu, kwa ajili yake na kwa ajili ya marehemu.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Solo alikuwa hapo, gitaa bado begani, Besi nyuma yake akihema kwa ngazi. "Shangazi! Tumefaulu?"

"Nyamaza, mwanangu."

Afisa alirudi kwenye fomu. "Mzee, nasubiri neno. Ni kelele au muziki?"

"Usiandike," alisema Msimamizi. Alisimama, akajinyoosha, na ghafla akawa mrefu kuliko alivyokuwa asubuhi nzima. "Aimbe tena, bila gitaa, na ubeti wangu ndani. Akiuimba kama nilivyouandika, andika muziki. Akiniwekea la-la-la, andika kelele. Fungeni ukumbi, fungeni na chumba changu, nitalala kituo cha basi."

"Mzee, una akili timamu?"

"Nimesema."

Solo alimsogelea shangazi yake sikioni.

"Hakuna kunong'onezana!" Msimamizi alinguruma, na Solo, mwanamume mwenye ndevu zake, akarudi nyuma hatua mbili.

Shangazi alifumba macho. Ubeti wa kwanza ulikuja wenyewe. Aliuimba taratibu, ukumbi wake wote umening'inia kwenye pumzi yake, akaimba kiitikio, akafika mwisho wake, akavuta hewa aingie ubeti wa pili. Ndipo alipogundua kwamba neno lake la kwanza halimo kichwani mwake, na mtu pekee aliye hai anayelijua amesimama mbele yake, anaitazama saa ya mkononi.